Safu ya Miaka Mitano Hadi Sitini: Umri, Marudio na Fedha za Bima katika Huduma za Wagonjwa wa Nje Tanzania

Kwa miaka kadhaa sasa mjadala wa bima ya afya nchini Tanzania umezunguka swali moja: nani anayeumaliza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF)? Majibu yamekuja kwa awamu. Kwanza walitajwa wadanganyifu, yaani wanachama wanaoazimana kadi na watoa huduma wanaojaza fomu kwa vipimo ambavyo havikufanyika. Wakafuata watoto: mwezi Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja kupitia Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ulisitishwa kwa hoja kwamba wazazi walikuwa wakiwaandikisha watoto ambao tayari ni wagonjwa. Mwaka mmoja baadaye ikawa zamu ya bei. Kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wenye kadi za NHIF. Katikati ya matukio hayo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na utekelezaji wake unabebeshwa hofu zilezile.

Majibu hayo yanakubaliana katika jambo moja. Yote yanadhani kwamba lipo kundi linalotumia kuliko linavyochangia, na kwamba likishatambuliwa linaweza kuondolewa, kupandishiwa bei au kudhibitiwa. Makala haya yanapinga dhana hiyo kwa upande wa huduma za wagonjwa wa nje. Yanadai kwamba mabadiliko makubwa yametokea ndani ya kundi la wachangiaji waaminifu zaidi, watumishi wa umma ambao michango yao inakatwa kwenye mshahara kila mwezi tangu Mfuko uanze kazi mwaka 2001. Watu hawa wamezeeka pamoja na Mfuko. Wametoka katika maradhi ya kuja na kupona na kuingia katika maradhi ya kurudi kila mwezi, katika kipindi ambacho mishahara inayokatwa michango hiyo ilikuwa imesimama. Takwimu zetu zinahesabu mahudhurio, malipo yetu yanafuata mahudhurio, na kwa hiyo badiliko hilo limepita mbele ya macho yetu bila kutajwa.

Hoja ya anayejiunga akiwa mgonjwa

Kuhusu misingi ya nadharia hakuna ugomvi. Tangu Kenneth Arrow alipoandika mwaka 1963 juu ya kutokuwa na hakika katika soko la tiba, na Mark Pauly alipojibu mwaka 1968, inakubalika kwamba anayelipiwa na mwingine huelekea kutumia zaidi. Rothschild na Stiglitz walionyesha mwaka 1976 namna bima ya hiari inavyoweza kuvurugwa na watu wanaojua hali zao za afya kuliko anayewauzia bima.

Ugomvi unaanzia kwenye matumizi ya nadharia hizi. Nadharia ya kujiunga kwa kuchagua inahusu uanachama wa hiari. Ilifaa kwa Toto Afya Kadi, na ilifaa kwa vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza vilivyoanzishwa mwishoni mwa mwaka 2019. Lakini kiini cha NHIF ni cha lazima. Sheria ya mwaka 1999 iliyouanzisha inamkata mtumishi asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 3 nyingine. Mwalimu wa shule ya msingi hakuchagua kujiunga alipoanza kuumwa. Alikatwa alipokuwa kijana mzima wa afya, na akaendelea kukatwa miaka yote ambayo hakukanyaga hospitali. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliporipoti nakisi ya Mfuko kwa mwaka wa fedha 2021/22, iliyozidi shilingi bilioni 200, wengi walikimbilia kutazama milango ya hiari. Chumba chenyewe hakikutazamwa.

Nadharia ya matumizi ya kupitiliza nayo inahitaji tahadhari ambayo sera yetu haikuichukua. Jaribio kubwa kuliko yote kuhusu jambo hili, lile la RAND lililoongozwa na Joseph Newhouse nchini Marekani kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilionyesha kweli kwamba wanaotibiwa bure hutumia zaidi. Hilo ndilo linalonukuliwa. Mara chache sana hunukuliwa matokeo mengine mawili ya jaribio hilohilo. La kwanza ni kwamba wanaochangia gharama walipunguza huduma zenye manufaa sawasawa na zisizo na manufaa. Mgonjwa hakuweza kuchambua. La pili linatugusa zaidi: maskini wenye shinikizo la juu la damu walidhibitiwa vizuri zaidi pale walipotibiwa bure. Kwa ugonjwa usio na maumivu, ambao mgonjwa wake huhisi mzima hadi siku anapopooza, kila kikwazo cha malipo kinamwondoa kliniki mtu ambaye hasa tulitaka aje. Anayependekeza leo kwamba wagonjwa wa nje wachangie papo kwa papo ili kupunguza msongamano anapaswa kulijibu tokeo hilo kwanza. Sijaona aliyelijibu.

Kile ambacho fomu haioni

Kwa nini basi badiliko la umri limekuwa gumu kuonekana? Sehemu ya jibu imo kwenye karatasi ambayo kila mfanyakazi wa afya Tanzania anaijua. Taarifa ya mwezi ya wagonjwa wa nje katika Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA), inayojumlishwa kutoka rejesta na, tangu mwaka 2013, kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2 nchi nzima, kwa miaka mingi imegawa umri katika safu tano: chini ya mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi chini ya mwaka mmoja, mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, miaka mitano hadi chini ya miaka sitini, na miaka sitini na kuendelea.

Tazama safu ya nne. Ndani yake yumo mtoto wa darasa la kwanza mwenye malaria, binti wa miaka kumi na tisa mwenye maambukizi ya njia ya mkojo, na karani wa halmashauri wa miaka hamsini na tano mwenye kisukari na shinikizo la damu. Hata ikitokea wastani wa umri ndani ya safu hiyo ukapanda kwa miaka kumi na mitano katika muda wa miaka ishirini, fomu haitatikisika. Safu zimechongwa kwa makini pembeni na kuachwa wazi katikati.

Mgawanyo huo una historia inayoeleweka. Safu za watoto zilitokana na juhudi za kupunguza vifo vya walio chini ya miaka mitano, juhudi zilizofanikiwa na zinazostahili heshima. Lakini mipaka ya miaka mitano na sitini ni mipaka ya msamaha pia. Uchangiaji wa huduma ulipoanzishwa mwaka 1993, na misamaha yake ilipozidi kufafanuliwa, ikiwemo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, makundi yaliyopaswa kutibiwa bila malipo yakawa watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka sitini na zaidi wasio na uwezo. Kwa hiyo dola imezoea kuona umri wa mgonjwa pale ambapo umri huo unaigharimu. Anayelipa, kwa fedha taslimu au kwa kadi, anabaki mtu mzima asiye na umri.

Na hapo katikati ndipo maradhi yanapoanzia. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 25.9 wana shinikizo la juu la damu na asilimia 9.1 wana kisukari. Karibu umri wote uliopimwa na utafiti huo umo ndani ya safu moja ya MTUHA. Tunayo picha ya ugonjwa katika jamii, na tunayo rejesta ya hospitali, lakini hatuna namna ya kuvikutanisha kwa umri.

Itajibiwa kwamba MTUHA hutenganisha wanaohudhuria mara ya kwanza kwa mwaka na mahudhurio ya marudio, na kwamba ongezeko la marudio lingetosha kutuonya. Ni kweli hutenganisha. Lakini marudio hayo ni jumla. Mama aliyemrudisha mtoto kwa sababu homa haikushuka, na mzee anayerudi kuchukua dawa ya presha, wanaandikwa mahali pamoja. Ongezeko la marudio linaweza kusomwa kama huduma mbovu, kama wagonjwa watundu au kama ugonjwa sugu. Tumelisoma zaidi kwa namna mbili za kwanza.

Kizazi cha mwaka 2001

Sasa nije kwenye ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko mwingine, ambao hauhitaji takwimu za siri. Unahitaji kalenda na sheria ya Mfuko.

Mchukue mtumishi aliyekuwa na miaka 28 NHIF ilipoanza mwaka 2001. Kadi yake ilimhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Wakati huo wategemezi hao walikuwa watoto wadogo. Familia ilifika hospitali kwa homa, kikohozi, kuhara na majeraha. Ilipewa dawa, ikapona, ikaenda zake. Mwaka 2023 mtumishi huyohuyo alifikisha miaka 50. Kadi ni ileile, idadi ya wanufaika inaweza kuwa ileile, na mchango ni asilimia ileile. Lakini watoto wamevuka umri wa utegemezi, na nafasi zao zinaweza kujazwa na wazazi wake, wenye miaka sabini na kitu au themanini. Nafasi moja kwenye kadi inaweza kuhama kutoka kwa mtoto wa miaka mitatu hadi kwa bibi wa miaka sabini na mitano bila Mfuko kusajili mwanachama mpya hata mmoja.

Hili halina udanganyifu ndani yake. Mtoto mzuri wa Kitanzania humwandikisha mama yake kwenye kadi. Tungemshangaa asiyefanya hivyo. Lakini kwa hesabu za bima, kaya imebadilika kabisa. Hapo ongeza kanuni ya kustaafu: aliyekuwa mchangiaji, pamoja na mwenza wake, huendelea kutibiwa baada ya kustaafu bila kuchangia. Ni kanuni ya haki, na sipendekezi iguswe. Ina maana, hata hivyo, kwamba kila mwaka sehemu ya kizazi cha 2001 inavuka kutoka upande wa wanaochangia kwenda upande wa wanaotibiwa tu, na inavuka ikiwa na maradhi iliyokwisha kuyapata kabla ya miaka sitini.

Upande wa mapato, mchango ni asilimia ya mshahara. Hupanda mshahara unapopanda. Kuanzia mwaka 2016 nyongeza za kawaida za mishahara ya watumishi zilisimama kwa miaka kadhaa, na ajira mpya nazo zilisitishwa kwa muda wakati wa uhakiki wa watumishi hewa. Ongezeko kubwa lililotangazwa Mei 2022, la asilimia 23.3, lilihusu kima cha chini. Kwa hiyo katika miaka ambayo kizazi cha kwanza kilikuwa kikiingia arobaini na hamsini, chanzo kikuu cha fedha za Mfuko kilipungua kasi ya kukua na damu changa ikachelewa kuingia. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alipoeleza mwaka 2022 kwamba maradhi yasiyoambukiza, hasa saratani, moyo na usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizofeli, yanaulemea Mfuko, alikuwa anaeleza mwisho wa njia. Sehemu kubwa ya figo zilizofeli zina historia ya presha au kisukari ambacho kilipita, au kilipaswa kupita, katika chumba cha daktari wa wagonjwa wa nje miaka kumi kabla.

Sidai kwamba kizazi hiki peke yake ndicho chanzo cha nakisi. Udanganyifu upo, na mikopo ya Mfuko kwa taasisi za Serikali iliyochelewa kurejeshwa imekwisha kuandikwa na wakaguzi. Ninachodai ni kwamba hata udanganyifu wote ukikomeshwa kesho, na milango yote ya hiari ikifungwa, mwelekeo wa gharama utabaki ulivyo, kwa sababu umejengwa ndani ya umri wa wachangiaji.

Hospitali moja, hesabu mbili

Mgonjwa wa presha mwenye kadi huandikiwa kwa kawaida dawa za siku thelathini. Kila mwezi hupanga foleni dirishani, huhakikiwa kadi, humwona daktari kwa dakika chache, pengine hupimwa, kisha husogea dirisha la dawa. Kwa mwaka hayo ni madai kumi na mawili, kila dai likiwa na ada yake ya kumwona daktari. Hospitali inalipwa kwa kila ziara na kila kitu kilichofanyika ndani ya ziara. Haina sababu ya kifedha ya kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi mitatu, wala ya kumrudisha kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani kwake. Mgonjwa aliyetulia ndiye mteja bora: hana dharura, hachukui muda, na anarudi.

Hatua chache kutoka hapo, katika hospitali hiyohiyo, ipo kliniki ya CTC ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Huko kila mgonjwa ana namba yake ya kudumu, na kumbukumbu zake zinafuatwa mwaka hadi mwaka. Asiyefika tarehe yake anatafutwa. Aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu, na baadaye hata sita. Kliniki hiyo inajua ina watu wangapi, wangapi wamefubaza virusi na wangapi wamepotea. Kliniki ya presha inajua imepata mahudhurio mangapi.

Tofauti hii haitokani na ugonjwa. Yote mawili ni maradhi ya maisha yote yanayodhibitiwa kwa vidonge. Inatokana na nani alilipia na alitaka kuhesabiwa nini. Wafadhili wa UKIMWI walitaka kujua hatima ya watu. Bima yetu inataka kujua uhalali wa dai. Zaidi ya nusu karne iliyopita Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg huko Wales, aliwapima presha wakazi aliowahudumia na kuwafuata kwa majina. Aliweza kwa sababu alilipwa zaidi kwa watu waliosajiliwa kwake kuliko kwa idadi ya mara walizobisha hodi. Uzoefu wa CTC unathibitisha kwamba jambo hilo linawezekana Tanzania, kwa wauguzi wetu na majengo yetu.

La kusikitisha ni kwamba NHIF tayari inacho inachohitaji. Fomu ya madai, ile 2A na B, hubeba namba ya uanachama, umri, jinsia na ugonjwa uliotambuliwa. MTUHA haiwezi kumfuata mtu, Mfuko unaweza. Umeamua kutumia namba hiyo kuhakiki malipo tu.

Pendekezo linalofuata ni la wazi: kwa wagonjwa wa presha na kisukari waliotulia, Mfuko ulipe kiasi cha mwaka kwa kila mtu aliyesajiliwa, si kwa kila ziara, dawa zitolewe za miezi mitatu, na sehemu ya malipo ifungwe kwenye matokeo ya vipimo. Itasemwa kwamba malipo ya kichwa yameshindwa kwingine, na Ghana itatajwa. Kweli, mpango wa aina hiyo ulianza mkoa wa Ashanti mwaka 2012 na ukasimamishwa mwaka 2017. Lakini ulihusu huduma za msingi kwa jumla, ulianzia mkoa mmoja wenye hisia kali za kisiasa, na uliwafunga wanachama kwa mtoa huduma mmoja kwa kila homa na kila jeraha. Mgonjwa wa presha aliyetulia anataka mtoa huduma mmoja. Kenya, ambayo tangu Oktoba 2024 inakata asilimia 2.75 ya mapato, imetenga mfuko wa huduma za msingi na mfuko mwingine wa dharura na magonjwa sugu. Naiona hatua hiyo kuwa na hatari yake, kwa kuwa presha ni huduma ya msingi na ni ugonjwa sugu kwa wakati mmoja, na gharama ya kupuuzwa na mfuko wa kwanza itaangukia mfuko wa pili.

Kaya ya watu sita

Sheria ya mwaka 2023 inarithi kipimo cha kaya ya watu sita, kile kilichotumika kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Utafiti wa Mtei na wenzake wa mwaka 2012 ulikwisha kuonyesha kwamba mchango wa CHF unamwelemea maskini kuliko mwenye nacho, na sina la kuongeza hapo. Ninachoongeza ni umri. Kaya ya watu sita yenye watoto wanne, na kaya ya watu sita yenye wazazi wanne wa pande mbili, hulipa sawa. Sipendekezi ya pili ilipishwe zaidi. Huko ni kumtoza mtu kwa kumtunza mama yake. Napendekeza tofauti hiyo ifidiwe na kodi ambazo Sheria yenyewe imezitaja kwa ajili ya kuwahudumia wasio na uwezo, na fidia hiyo ipimwe kwa umri halisi wa wanufaika wa kila wilaya. Hilo haliwezekani iwapo watu wa miaka mitano na wa hamsini na tisa wataendelea kukaa safu moja. Igawanywe walau katika miaka 15, 25 na 40.

Kama hesabu niliyoitoa ni sahihi, wimbi kubwa bado halijafika. Walimu walioajiriwa kwa wingi wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanzia mwaka 2002, na wale wa shule za kata zilizojengwa chini ya mpango wenzake wa elimu ya sekondari (MMES), ni wengi kuliko kizazi kilichowatangulia. Aliyeajiriwa mwaka 2006 akiwa na miaka 25 anafikisha 45 mwaka 2026 na 60 mwaka 2041. Kwa miaka kumi na mitano ijayo ndio watakaoujaza ukumbi wa wagonjwa wa nje, kwa kadi halali na kwa michango waliyoikamilisha. Natabiri kwamba gharama za wagonjwa wa nje kwa kila mwanachama wa lazima zitapanda katika kipindi hicho, hata uandikishaji wa hiari uwe mdogo kiasi gani. Mfuko unaweza kunikosoa kwa jedwali moja linalopanga madai ya wagonjwa wa nje kwa mwaka ambao mwanachama alianza kuchangia, umri wa mnufaika na idadi ya ziara za kila mtu. Jedwali hilo liwekwe hadharani kabla ya viwango vipya vya michango kujadiliwa.